Geti linafunguka saa nane usiku, gari liko ndani

Toleo lililopita niligusia kwa mstari mmoja tu kwamba unaweza kuweka tagi ya Bluetooth kwenye gari na nyumba ikajua umefika, nikadhani nimemaliza, kumbe nimechokoza nyuki. Barua na meseji zimekuja nyingi mpaka nimeamua ukurasa wote safari hii uwe wa habari hiyo. Kwa ambaye hakuwepo: tagi ni kadude kadogo kama kifungo cha koti, kana betri ndani, kanapiga kelele ya mawimbi kila baada ya muda mfupi "mimi ni namba fulani, mimi ni namba fulani", na nyumbani kuna kadude kengine kanasikiliza. Kakisikia, taa zinawaka, au geti linafunguka, au chochote ulichokapangia. Haya tuanze na huyu bwana maana yake ni kubwa.

Shikamoo fundi. Niko Mbezi Beach, Dar. Nilifunga mota ya geti la kuslaidi, nikaweka ESP32 (kale kadude kanakosikiliza) kwenye nguzo ya geti, tagi nikaiweka kwenye gari, Home Assistant, ile programu inayoendesha vifaa vya nyumbani, ikisikia tagi inafungua geti na kuwasha taa za nje. Wiki mbili za kwanza raha tupu, jirani anakuja kuangalia. Halafu ikaanza, gari liko ndani tumelala geti linafunguka lenyewe. Mara ya kwanza saa nane usiku, ya pili alfajiri. Mlinzi anasema ni majini, mke wangu kasema tuchague, geti au yeye. Nifanyeje?

Marahaba. Majini tuwaweke pembeni kwanza, tukishindwa tutawarudia. Kabla ya yote niulize, usiku ule umeme haukukatika kweli ukarudi? Maana nina uhakika nusu yake ni hiyo.

Iko hivi. ESP32 yako ukiiachia na mipangilio ya kawaida ya ESPHome (ile programu inayopakiwa humo ndani), ikikosa kusikia tagi dakika tano inasema gari limeondoka. Ikiisikia tena hata mara moja tu inasema gari limerudi. Na wewe ulishaiambia, gari likirudi fungua. Sasa gari ni boksi la bati, mawimbi yanatokea madirishani, na haya ya Bluetooth ni ya gigahezi 2.4 ambayo maji yanayameza vizuri sana, kwahiyo mwili wa mtu, majani ya mwembe yaliyolowa, gari la mgeni lililopaki katikati, vyote vinapunguza. Gari lako usiku liko pale kwenye mpaka wa kusikika na kutosikika. Linapotea dakika sita, linasikika, geti hilo. Hamna jini hapo, ni mawimbi tu yamepepesuka.

Ya pili ndo ya umeme. Umeme ukikata kila kitu kinazima, ukirudi ESP32 inaamka haina kumbukumbu yoyote, inaanza na "gari halipo", sekunde chache inasikia tagi, "gari limekuja!" Fungua. Yaani kila umeme ukirudi nyumba yako inakukaribisha upya wakati wewe umelala chumbani. Na mota ina betri yake ya akiba bila shaka, ndo maana hata umeme ukiyumba yenyewe ina nguvu za kutosha.

Watu wengi hapa wanakimbilia kuongeza muda, toka dakika tano iwe ishirini, na mimi nilifanya hivohivo kwangu, inapunguza lakini haiponyi. Kinachoponya ni kitu rahisi ambacho nilichelewa sana kukiona: gari haliwezi kupita ukutani. Kama geti halikufunguka, gari halijatoka, hata mawimbi yakipotea siku nzima. Basi nunua swichi ya sumaku, zile ndogo za alamu za milango, funga kwenye geti ili Home Assistant ijue geti liko wazi au limefungwa. Halafu tengeneza kibendera kimoja ndani ya mfumo, kiite "gari liko nje". Kibendera hiki kinapanda kwa njia moja tu: geti lilifunguka kwanza (kule kufunguka kwa wakati wa kufika usikuhesabu), KISHA tagi ikapotea dakika kumi. Tagi ikisikika na kibendera kiko juu, hapo ndo amefika mtu, na kinashuka. Tagi ikisikika na kibendera kiko chini, usifanye kitu, ni gari lililolala linakohoa. Uzuri wake Home Assistant inakikumbuka kibendera hata ikizimwa na kuwashwa, mradi usikipe thamani ya kuanzia, kwahiyo umeme ukate usikate hakichanganyikiwi.

Swichi hiyohiyo inakusaidia jambo jingine. Mota nyingi za geti waya wa kuamrisha ni mmoja, ukiugusa geti linafunguka, ukiugusa tena likiwa njiani linasimama au linarudi. Rilei yako, ile swichi ndogo ya umeme inayogusa waya huo, ikipiga mara mbili kwa sababu tagi imesikika mara mbili, geti linakufungia usoni. Weka sharti kwamba rilei ipige tu kama geti limefungwa, basi. Na ukiwa hapo hebu fungua boksi la mota uangalie mijusi na sisimizi, wanapenda sana joto la ile bodi na wanaunguza saketi, hilo halihusiani na tagi ila nimeona tusipitane.

Sasa niseme lile ambalo naona hujaliuliza. Hata tukimaliza hayo yote mimi nisingekubali tagi peke yake ifungue geti. Kwanza, kama ni za aina ya iBeacon, ule mfumo Apple waliutoa 2013, tagi inatangaza namba zake hadharani, haifichi kitu. Mtu akipaki nje ya ukuta na simu yenye programu ya kusoma Bluetooth anaziona namba zako zote, anaziandika kwenye ESP32 yake na tangu hapo naye ni gari lako. Pili, gari likiibwa mwizi ameshapewa na ufunguo wa nyumba, na kadi ya gari iliyoko humo ndani inaweza kumwelekeza mpaka kwako. Zamani ulikuwa unafikaje kwako? Unapiga honi mbili, mlinzi anasikia honi, anachungulia kwenye kidirisha anaona ni wewe, anafungua. Honi haikuwahi kufungua geti hata siku moja, ilikuwa inamwambia mlinzi atazame. Tagi ni honi. Iache iwashe taa za nje, iwashe taa ya veranda, impigie mlinzi kengele kibandani, afu geti lenyewe lisubiri ushahidi wa pili, ama simu yako iwe imeingia kwenye eneo la nyumbani kwa GPS ndani ya dakika mbili zilizopita, ama ubonyeze rimoti. Mwizi wa gari akiwa na simu yako, rimoti yako na gari lako basi hapo tatizo si la umeme tena.

Na tafadhali, kama hujafunga yale macho ya sensa yanayotazamana chini kwenye geti, zima kila kitu leo mpaka uyafunge. Geti likifungwa kwa rimoti kuna mtu analiangalia. Likiendeshwa na tagi hakuna anayeangalia, na watoto wa jirani umesema wanakuja... hukusema watoto, umesema jirani, lakini watoto wapo tu.

Mke abaki, geti nalo libaki.

Sasa fundi, mi ni mpangaji hapa Kileleshwa, Nairobi, floo ya saba, napaki besimenti. Sitaki mambo ya geti, geti ni ya landlodi. Nataka nikifika kwa parking tagi ishtue heater ya maji, nikipanda juu nioge maji moto. Ninunue tagi gani?

Usinunue kitu bado. Tagi ya besimenti haitasikika floo ya saba, kuna slabu saba au nane za zege na nondo hapo katikati, na keateka hatakuruhusu ufunge kifaa chako kule chini.

Halafu tufanye hesabu kidogo. Tangi la lita 50, maji yanaingia nyuzi 20 unataka yafike 50, hiyo inakula kama yuniti 1.7 za umeme, na heater ya kilowati 3 inachukua dakika thelathini na tano hivi. Toka besimenti mpaka bafuni ni dakika ngapi, tatu? Lifti ikiwa mbovu kumi. Utaoga maji ya baridi na tagi yako mkononi. Kichocheo chako inabidi kiwe mbali zaidi, unapotoka kazini.

Na kwa hilo tagi unayo tayari, ni redio ya gari. Simu yako ikiungana na Bluetooth ya gari inajua uko ndani ya gari. Kwenye Android programu ya Home Assistant ina sensa inayosoma simu imeungana na nini, kwenye iPhone ziko Shortcuts zenye kichocheo cha Bluetooth na cha CarPlay (iPhone ikiungana na skrini ya gari). Panga hivi: simu imeungana na redio ya gari, ni jioni, na uko umbali fulani toka nyumbani ambao kwa jam ya kawaida ni kama nusu saa, washa heater. Pale besimenti usitegemee kabisa maana netiweki inakufa, GPS inakufa, simu itakuja kutoa taarifa ukiwa ushavua viatu.

Moja tu usikose. Kilowati 3 kwa volti 240 ni ampea kumi na mbili na nusu. Zile rilei ndogo za waifai nyingi ni za ampea 10. Itafanya kazi siku chache, afu utasikia harufu. Mwambie fundi umeme aweke kontakta, yaani swichi kubwa ya kubeba umeme mwingi, rilei iamrishe kontakta na kontakta ndo ibebe heater. Na weka muda wa kuzima, saa moja basi, maana siku utakayopitia kwa marafiki utakuja kunishukuru ukiona bili.

Assalaam alaykum. Mimi niko Maskati, tagi yangu niliambiwa betri inakaa mwaka, kiangazi hiki imekufa wiki ya tano, nikabadilisha ikafa tena. Nimeibandika kwenye kioo cha mbele ili isikike vizuri. Ni feki?

Wa alaykum salaam ndugu yangu. Si lazima iwe feki, umeichoma tu. Ile betri bapa ya CR2032 kwa kawaida imetengenezwa kuvumilia mpaka nyuzi 60 hivi, na gari lililofungwa juani Maskati mwezi wa sita, pale juu ya dashibodi nyuma ya kioo, linapita hapo bila shida. Kwa kusikika umepachagua vizuri ila kwa betri ni kwenye kikaango. Ishushe, mfuko wa nyuma wa kiti panafaa, kitambaa na plastiki havizuii mawimbi. Usiiweke chini ya kiti kwenye vyuma wala kwenye buti.

Halafu angalia inapiga mara ngapi. iBeacon kwa utaratibu wake inapiga kila milisekunde 100, mara kumi kwa sekunde, na betri yenyewe ni ya miliampea-saa 220 tu, haifiki mbali. Watu wanasema weka sekunde tano betri idumu, sawa itadumu, lakini fikiria: unaingia mtaani kwenu kwa kilomita 20 kwa saa, hiyo ni mita tano na nusu kila sekunde, na masafa ya kusikika kupitia vioo labda mita ishirini. Una sekunde tatu na kitu. Tagi inayopiga kila sekunde tano unaweza kufika getini haijasema neno. Na ESP32 upande wa pili ina redio moja inayogawana waifai na Bluetooth, kwahiyo kuna milio inaikosa ikiwa inashughulikia waifai. Kwa hiyo nusu sekunde mpaka sekunde moja naona ndo pa kusimama, na kama unaweza tafuta ESP32 yenye tundu la waya wa mtandao ili redio yote ibaki kusikiliza.

Lakini njia ninayoipenda mimi hata haina betri. Chukua ESP32 nyingine, iandikie programu ya kutangaza kama tagi, ichomeke kwenye soketi ya sigara ya gari kwa chaja ya USB. Kwenye magari mengi soketi hiyo inakufa ukizima gari (jaribu la kwako kwanza, mengine inabaki na moto). Unaona ilivyo tamu? Gari likilala tagi haipo kabisa, haipepesuki, haimsumbui mtu usiku, yule bwana wa Mbezi angeanza na hii asingefika kwenye majini. Itasikika wakati wa kuwasha gari asubuhi na wakati wa kurudi, na kibendera kile kile nilichoeleza juu kitakwambia ipi ni ipi.

Fundi naomba kujua, nina AirTag, tagi ya Apple ya kutafutia vitu, kwenye gari tayari, kwanini ESP32 haiitambui? Leo naiona, kesho ni kitu kingine. Mimi ni mwanamke naishi peke yangu Morogoro.

Dada yangu hiyo imefanywa makusudi. AirTag, iliyotoka 2021, inabadilisha utambulisho wake kila mara ili mtu asiyehusika asiweze kukufuatilia kwa kuusikiliza, kwahiyo ESP32 yako kila siku inaona mgeni. Iache ifanye kazi yake ya kutafuta gari likipotea.

Na kwa vile umenitajia unaishi peke yako nikwambie kitu ambacho wauzaji wa tagi za kawaida hawakisemi: zile zisizobadilika zinamwambia kila anayepita nje ya ukuta kama gari lako lipo au halipo, saa ngapi umetoka, saa ngapi umerudi, akitaka anaacha kifaa kichakani kinaandika mwezi mzima. Kwako wewe ningeenda na ile ya soketi ya sigara, au simu na redio ya gari kama nilivyomwambia ndugu wa Nairobi, gari likilala kuwe kimya.

Sisi ni kamati ya mtaa Arusha, nyumba 46, geti moja la pamoja na kizuizi cha kunyanyuka. Tunataka stika za kwenye kioo kama za maofisini. Muuzaji ametuletea bei mbili, msomaji (kifaa cha kusoma stika kwa mawimbi) wa megahezi 865 mpaka 868 na wa 902 mpaka 928, huo wa pili ni rahisi zaidi. Pia mlinzi wetu anauliza kama anaachishwa.

Kamati, chukueni wa 865 mpaka 868. Huo wa pili umetengenezwa kwa soko la Marekani, na huku kwetu kuanzia 902 mpaka 915 ni megahezi ambazo simu za GSM 900 zinatumia kuongea na mnara. Mtaweka kipaza sauti cha wati kadhaa katikati ya mazungumzo ya watu, afu mshangae simu zinakatika getini. Urahisi wa bei ndo hapo ulipotokea.

Stika zenyewe ni nzuri, hazina betri, zinaamka kwa nguvu ya mawimbi ya msomaji, bei yake ni ndogo hata ukinunua za magari mia, gharama iko kwenye msomaji na antena. Kwenye kioo cha kawaida mtapata mita tano, nane, hata kumi ikielekezwa vizuri. Kuna magari kioo chake cha mbele kina utando wa metali wa kuzuia joto na stika haitasoma hata uisogeze vipi, mengine yana kipande kidogo kisicho na utando nyuma ya kile kioo cha kujiangalia, bandikeni hapo, mengine hayana na mwenye gari itabidi awe na kadi. Jaribuni gari moja moja kabla ya kugandisha, maana stika za vioo nyingi zikibanduliwa zinachanika na kufa.

Antena isielekezwe barabarani, ielekezwe chini kwenye mahali gari linaposimama, la sivyo mwenye stika anayepita zake kwenda dukani anamfungulia mgeni aliyesimama mbele ya kizuizi. Hii nimeiona kwa macho yangu, na mgeni alipunga mkono wa shukrani kabisa.

Mlinzi abaki. Stika hizi namba yake nayo inanakilika, na msomaji haoni nani kashika usukani. Ila mpeni skrini ndogo, stika ikisomwa itokee namba ya gari na rangi, aangalie kama kilichoandikwa ndicho kilichosimama mbele yake, Noah nyeupe imeandikwa na Noah nyeupe ipo, sawa, pita. Na mmoja wenu apewe kazi ya daftari, maana mtu akiuza gari stika inaenda na gari, na kama hamjaifuta siku hiyohiyo basi mnunuzi wake wa Moshi anaingia kwenu kama mwenyeji.